Ndala Ilivyomshinda Bwana Harusi

Nilikuja Tanga kutoka Sumbawanga, na safari yenyewe ilitosha kumrudisha njiani mtu mwenye akili zake. Basi la kwanza liliharibika Tunduma. La pili lilifika Makambako likakataa kuendelea. La tatu halikuharibika, ila dereva wake alikuwa na ndugu katika kila mji, na kila ndugu alikuwa na gunia la kumpelekea ndugu mwingine. Muda wote huo nilikuwa nimepakata kamera yangu ya harusi, nimeiviringisha kwenye kanga kuikinga na vumbi. Mama mmoja aliyepanda Makambako alikaa pembeni yangu hadi Morogoro akiamini nimebeba mtoto mchanga. Alipofika mwisho wa safari yake alishindwa kuvumilia.

"Baba, huyu mtoto mbona hanyonyi?"

"Anatumia betri, mama."

Akashuka haraka kuliko begi lake.

Segera tukakata kulia, Muheza nikanunua machungwa dirishani, na nilipokanyaga stendi ya Tanga miguu yangu ilikuwa imevimba kama maandazi. Hata hivyo nilifurahi. Mimi ni mzaliwa wa Moa, mahali ambapo ukinyamaza kidogo unaisikia Kenya ikikohoa, na tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa natangatanga. Nilitengeneza redio Mtwara, nikaonyesha video za kulipia Kigoma, nikapiga picha za harusi na kipaimara Sumbawanga. Kila nilipozoea mji, nyayo ziliniwasha. Safari hii mama alikuwa amenitumia ujumbe kwamba kuna chuo cha afya Tanga mjini kinatafuta mtu wa kurusha masomo mubashara, na kwamba kutoka Tanga hadi Moa hata mtu mvivu anaweza kuja kumsalimia mama yake.

Nimeombwa na walimu vijana wa chuo hicho niandike jinsi tulivyoichagua programu wanayoitumia leo. Wao wameikuta ipo tu, kama mtu anavyokuta mnazi wa babu yake, na hawajui tuliparurana kiasi gani. Cheo changu sitakitaja kwa sababu hakikuwepo. Mlangoni waliandika "Mitambo", na hilo likawa jina langu. Mtacheka pia kumsikia mtu wa miaka arobaini na kitu akijiita mstaafu. Neno hilo nilipewa na Mkuu wa chuo, na nikifika mwisho mtaona alilitoa wapi.

Siku ya kwanza Mkuu mwenyewe ndiye aliyenipeleka studio. Studio ilikuwa stoo. Mlikuwa na vitanda visivyo na chaga, mabeseni ya wagonjwa, na juu ya meza mwanamke wa plastiki wa kufundishia uzazi, nusu ya chini tu, kutoka kitovuni hadi magotini.

"Hapa," Mkuu alisema akinyoosha mikono, "ndipo dunia itakapotuona."

"Itatuonea wapi, Mkuu? Hakuna soketi."

"Soketi ni jambo dogo. Wewe tazama upana wa dira."

Nikautazama. Upana wa dira ulikuwa hatua chache kutoka mlangoni hadi kwenye mabeseni. Wakati bado natafuta neno la adabu la kujibu, mlango ukabishwa.

"Hodi humo. Nimemfuata mgonjwa wangu."

Aliingia mama mnene kidogo, miwani shingoni, ushungi mweupe. Akamchukua yule nusu mwanamke akamkumbatia kwapani kama mkeka. Huyo ndiye Bi Salima, mwalimu wa ukunga, mzaliwa wa Pangani, na kama kuna kitu nilijifunza katika kazi ile nilijifunza kwake.

"Wewe ndiye wa televisheni?"

"Ndiyo mimi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Umetoka wapi? Nyumbani hawajambo? Mama yuko hai? Safari ilikuwaje? Umekula?"

Aliuliza moja moja, na kila swali alisubiri jibu lake, nusu mwanamke kwapani, hana haraka. Mkuu alitazama saa mara kadhaa. Bi Salima hakutazama saa. Baadaye aliniambia kwamba wakunga wote aliowafundisha aliwaanzishia hapo: mama mwenye uchungu ambaye hujamuuliza hali ya kwake hakuambii kweli unapomuuliza maumivu yalianza lini. Likumbukeni hili la kusubiri jibu, maana ndilo lililotaka kutuangamiza.

Chuo kilikuwa na darasa dogo Mkwaja, kule karibu na Saadani, chumba kimoja ubavuni mwa zahanati. Wanafunzi walikuwa wahudumu wa zahanati za mwambao ule, watu wenye kazi, wenye watoto, wenye wazee wa kuwalisha, ambao wasingeweza kuhamia mjini kusoma. Kiongozi wao aliitwa Mwanaidi. Aliwahi kuanza masomo hapa Tanga, akayaacha katikati mama yake alipopooza upande mmoja, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Darasa la Mkwaja lilikuwa nafasi yake ya pili, na alijua hakuna ya tatu.

Kwa miaka mingi Bi Salima aliwafuata huko huko. Gari hadi Pangani, pantoni kuvuka mto hadi Bweni, halafu bodaboda katika mchanga na matope, yule nusu mwanamke amefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, watu wa njiani wakisimama kuomba dua. Kisha mgongo ukagoma. Tukajaribu kumrekodi na kuwapelekea video. Walizitazama, lakini video haiulizwi swali. Ndipo wakubwa wanaosimamia vyuo wakasema darasa lisilo na mwalimu si darasa. Ama masomo yarushwe mubashara, mwalimu na wanafunzi wakisemezana, na wageni waje wajionee kwa macho yao mwisho wa muhula, ama Mkwaja ifungwe.

Basi ikaundwa kamati ya kuchagua programu.

Katika kazi yangu nimeona kamati za harusi, za mazishi na za kumfukuza imamu. Sijaona iliyofanya kazi kwa bidii kama ile bila kugusa jambo lenyewe. Mkuu alikuwa mwenyekiti. Bwana Mbelwa, mkuu wa taaluma, alikuwa mtu wa kusema "naunga mkono" kabla hoja haijaisha. Bi Salima aliingizwa kwa kuwa somo lilikuwa lake, nami kwa kuwa nilikuwa na funguo.

Programu ya kwanza ililetwa na kijana wa mauzo kutoka Dar es Salaam, suti imembana hadi akiinama tunasikia. Programu hiyo ilijua kila kitu. Ilimlainisha mtu ngozi, ilimwondolea mvi, ilimpa makofi akimaliza kusema, na nyuma yake iliweka picha ya minazi inayoyumba. Dirisha la ofisi ya Mkuu lilikuwa wazi, na nje yake ulisimama mnazi wa kweli, unayumba. Hakuna aliyeutazama.

"Lo!" Bwana Mbelwa alisema. "Mkuu amekuwa kijana."

"Nilikuwa hivi hivi Form Six," Mkuu akajibu, hatoi macho kwenye kioo.

Bi Salima alinong'ona, "Huyu amekuja kavaa kama bwana harusi." Jina likaigandia programu.

Mimi nilikuwa na mgombea wangu. Ilikuwa programu ya bure, ndiyo maana tuliiita Sadaka. Ilikuwa na vitufe vingi kuliko rubani anavyohitaji, na nilieleza kila kimoja kwa mapenzi. Unaweza kupanga picha ya mwalimu hapa, kioo cha kompyuta pale, sauti kule, unaunganisha, unapunguza, unaongeza. Nilipomeza mate Bi Salima akapenya.

"Mitambo, mwanangu, naona unaipenda."

"Sana, Mwalimu."

"Siku ukiugua homa, nani ataiwasha?"

"Ah, hiyo bila mimi…"

"Ndiyo hivyo. Unaipenda kwa kuwa hakuna mwingine anayeiweza."

Wakacheka wote, hata kijana wa suti. Sadaka ikafia hapo.

Bwana Harusi ikafanyiwa majaribio. Tukaweka kamera ofisini kwa Mkuu na televisheni chumba cha pili, ukuta mmoja katikati. Mkuu akasema maneno mbele ya kamera, akakimbia chumba cha pili, akawahi kujiona akimalizia maneno yale yale. Alirudi uso unang'aa.

"Inafika," akasema.

"Naunga mkono," akasema Bwana Mbelwa.

Kwamba aliweza kufika chumba cha pili akajikuta bado anaongea, hakuna aliyeona ajabu. Mimi mwenyewe nilipiga makofi. Kumbe Bwana Harusi ilichukua kila picha, ikaipeleka sijui Ulaya gani kupakwa poda, ndipo ikaishusha kwa mtazamaji. Shughuli hiyo ilichukua kama nusu dakika. Kwa mwanasiasa nusu dakika si kitu. Kwa watu wa pwani wanaosalimiana ni msiba.

Siku ya somo la kwanza studio ilijaa. Kule Mkwaja walikuwa wamekaa mbele ya televisheni ya zahanati. Bi Salima akavaa miwani.

"Hamjambo wanangu?"

Kimya. Akasubiri kama kawaida yake.

"Mbona kimya? Mwanaidi, mama anaendeleaje?"

"Hatujambo, Mwalimu! Shikamoo!"

"Marahaba. Namuuliza mama." Akangoja, akaona hakuna kitu, akahamia kwa mwingine. "Hassani, nimesikia mjomba wako amefariki. Pole sana, baba. Mmemzika wapi?"

"Hajambo, Mwalimu!" sauti ya Mwanaidi ikajibu kwa furaha. "Jana ameanza kula ugali!"

Bwana Mbelwa alitoka nje kucheka. Bi Salima alisimama kama aliyemwagiwa maji. Akamwuliza Hassani upya, Hassani akamjibu Mwanaidi, Mwanaidi akampa pole mtu ambaye mkewe alikuwa amejifungua. Kipindi kizima kikaisha bado tuko kwenye hali za nyumbani. Hakuna aliyejua kwa uhakika nani amezikwa na nani amezaliwa.

Mkuu alitoa dawa siku hiyo hiyo: salamu zifutwe. Mwalimu aingie, aseme "habari za asubuhi" mara moja, hata asingoje jibu, aanze somo. Bi Salima alijaribu wiki moja, kwa shingo upande. Wiki iliyofuata nusu ya wanafunzi hawakuja. Mwanaidi akanipigia simu.

"Kaka Mitambo, tuambie kweli. Mwalimu tumemkosea nini?"

"Hamjamkosea kitu."

"Basi mbona hatuulizi tumeamkaje? Mwenzetu mmoja kasema hawezi kufundishwa na mtu ambaye hataki hata kujua kama kaamka. Wawili washakata tamaa. Wakiondoka wengine, wageni watakuta viti. Na mimi narudi kufagia, ndiyo mwisho wangu."

Nilimpelekea Bi Salima maneno hayo kama yalivyo. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Wewe umewahi kwenda Mkwaja?" akaniuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Yupo kwenye kamati aliyewahi kwenda, ukiniondoa mimi?"

"Hapana."

"Basi nenda ukakae kwenye benchi lao, unitazame wanavyonitazama wao."

Hilo, vijana, ndilo fundisho la ufundi pekee nitakalowapa katika maandishi haya: msijaribu programu mkiwa upande wa kamera. Nilivuka na pantoni asubuhi, laptopu mgongoni, nikafika Mkwaja nikiwa na mchanga hadi kwenye soksi. Nikakaa nyuma kabisa. Televisheni ikawaka, na kwa mara ya kwanza nikaiona kazi yangu.

Bi Salima alikuwa anafundisha chati ya uchungu. Ni karatasi yenye miraba ambayo mkunga anachora mwendo wa uzazi saa kwa saa. Kuna mstari wa tahadhari umepita mshazari. Mwendo wa mama ukibaki upande wa salama, unamsaidia pale pale. Ukivuka mstari, unampeleka hospitali. Bi Salima alikuwa akiichora kwenye kompyuta, na Bwana Harusi ilipaswa kurusha kile kioo. Ilikirusha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye nyuso. Uso wa Mwalimu ulikuwa safi hadi nywele za nyusi, na chati ilikuwa ukungu. Isitoshe, kona ya kulia Mkuu alikuwa ameagiza iwekwe picha yake akiwa amevaa koti, na maneno ya kuwakaribisha. Haikutoka somo zima. Mstari wa mama ulipanda vizuri, ukafika bega la Mkuu, ukapotelea ndani ya koti.

"Mwanaidi," Bi Salima aliuliza, "huyu mama tunamfanyaje?"

Mwanaidi akainuka, akaisogelea televisheni hadi pua ikakaribia kugusa. "Tumngoje, Mwalimu. Yuko upande wa salama."

Tukasubiri jibu lisafiri. Nilimwona Bi Salima akilipokea. Kalamu aliiweka chini taratibu.

"Mwanangu, huyo mama amevuka mstari zamani. Hapo tumeshampoteza yeye na mtoto."

Hakuna aliyecheka. Mwanaidi alirudi kwenye benchi akiwa amejikunja. "Sikuuona," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Wallahi sikuuona."

Somo lilipoisha sikuondoka. Nilikuwa na programu kadhaa kwenye laptopu, nikampigia Bi Salima, tukaanza kuzijaribu moja baada ya nyingine, safari hii majaji wakiwa ni wale wa kwenye benchi. Nyingi ziliganda. Moja ilimaliza bando la zahanati kabla Mwalimu hajafungua mdomo. Ya mwisho niliiacha mwisho kwa sababu niliionea aibu. Ilikuwa ndogo, ya kijivu, vitufe viwili, haina pambo. Haikuhangaika na sura ya mtu hata kidogo. Ilinasa kilicho kwenye kioo cha kompyuta, ikatuma pale tu panapobadilika, na sauti ikaitanguliza mbele ya yote. Bi Salima alipochora mstari kule Tanga, ulichoreka Mkwaja papo hapo.

"Hii mbaya mbaya ndiyo naiona," Mwanaidi alisema.

"Lakini haina sura ya Mwalimu," nikasema.

"Sura ya Mwalimu naijua. Mwendo wa huyu mama ndio nilikuwa siujui." Akatazama tena kile kioo cha kijivu, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Inafanana na ndala. Haina sura, lakini inakufikisha."

Halafu Bi Salima akamwuliza Mwanaidi mama yake anaendeleaje, Mwanaidi akajibu anaendelea vizuri, na jibu likamfikia Mwalimu papo hapo. Wakaulizana tena, bila sababu, kwa kunogewa tu.

Niliporudi na kuieleza kamati, Mkuu aliitazama Ndala kama mtu aliyeletewa chai kwenye kopo.

"Sura yangu iko wapi?"

"Haipo, Mkuu."

"Na minazi?"

"Dirishani, Mkuu."

Alifikiri sana, kisha akatoa uamuzi ambao kila mtu aliyekulia nyumba zetu atauelewa. Nyumbani kwa mama kuna vikombe vya kabatini, vyenye maua, na kuna vya plastiki vya kila siku. Sisi tunanywea vya plastiki. Mgeni akija, hata kama vile vya maua vimepasuka mkono, ndivyo atakavyopewa.

"Ndala itumike siku za kawaida," Mkuu akasema. "Siku ya wageni, Bwana Harusi."

"Mkuu, wageni ndio wanaokuja kuamua," Bi Salima akasema.

"Ndiyo maana, Mwalimu! Unampokea mgeni kwa ndala?"

"Naunga mkono," akasema Bwana Mbelwa.

Muhula ukaenda vizuri, waliokuwa wameondoka wakarudi, Mwanaidi akawa anasoma chati haraka kuliko wenzake wa mjini. Kisha ikafika siku ya wageni. Walikuja wawili. Mwenye kauli alikuwa mama wa makamo kutoka milimani Lushoto, msalaba mdogo shingoni, maneno machache. Mkuu alihutubia mbele ya minazi yake hadi wageni wakaanza kusinzia. Ndipo yule mama akaomba aongee na Mkwaja mwenyewe.

"Hamjambo huko?"

Kimya.

"Wanatafakari," Mkuu akaeleza.

"Masomo mnayapata vizuri?"

"Hatujambo mama, shikamoo!"

Mama akakunja uso. "Nimeuliza masomo." Akangoja kidogo, si kama Bi Salima anavyongoja, ila kama watu wenye kazi nyingi. Akamgeukia mwenzake, kisha akarudi kwenye maiki. "Au na nyinyi mnaona bora tulifunge tu hili darasa?"

"Ndiyo, mama!" Mkwaja nzima ikaitika. "Tena vizuri sana! Tunashukuru!"

Bwana Harusi, iliposikia sauti nyingi za furaha, ikapiga makofi yenyewe na kumwaga maputo ya rangi kutoka juu hadi chini.

Mgeni wa pili akaanza kukusanya vitu vyake. Nilimtazama Mkuu. Alikuwa bado anatabasamu, tabasamu limeganda kama mtandao wa jioni. Kule Mkwaja Mwanaidi alikuwa hajui kwamba ametoka kujifungia mlango kwa mikono yake mwenyewe, bado anapunga mkono katikati ya maputo. Bi Salima akasimama.

"Mitambo, mvue Bwana Harusi koti. Nivalie ndala."

"Mwalimu, utaratibu…" Mkuu akaanza.

"Mkuu, wamekubali kufungiwa na makofi wakapiga. Utaratibu gani umebaki?"

Nikabonyeza. Minazi ikatoweka, maputo yakatoweka, kikabaki kioo cha kijivu na chati tupu. Bi Salima alianza mwanzo kabisa. Aliwauliza hali, akamwuliza Mwanaidi mama yake, akamwuliza Hassani arobaini ya mjomba imepitaje, na kila jibu lilikuja pale pale kutoka kwa aliyeulizwa. Akawaambia kuna mgeni kutoka Lushoto. Wakampa shikamoo kwa pamoja, wakamwuliza Lushoto kuna baridi? Na nyumbani kaacha nani? Mama yule aliitika marahaba, na bila kujijua akawa anawaeleza juu ya mjukuu wake mwenye mafua.

Kisha akaomba kalamu. Kumbe naye alikuwa mkunga zamani. Akachora mwendo wa mama, taratibu, akausimamisha kabla ya mstari.

"Huyu yuko zahanati kwenu. Mnafanyaje?"

Mwanaidi akasema, "Mama, kwa kitabu bado hajavuka mstari."

"Sasa?"

"Sasa mwendo wake umepungua, na kitabu hakiujui mto. Nikingoja avuke mstari ndipo nitafute gari, na njia yetu hii ya mvua, nitafika Bweni nikute pantoni iko ng'ambo. Mimi huyu nampakia sasa hivi."

Yule mama aliishika kalamu juu ya kioo kwa muda, kisha akaiweka.

"Haya," akasema. "Darasa lisifungwe."

Tulisikia Mkwaja wakipiga vigelegele, na vilikuwa vya kwao, havikutengenezwa na programu.

Katika wiki chache Mkuu alikuwa akiwaeleza watu kwamba Ndala ilikuwa wazo lake tangu Form Six. Akaagiza itumike chuo kizima. Walimu wakajifunza kuiwasha wakiwa bado wanavua makoti, kwa kuwa vitufe ni viwili na kimoja ni cha kuzima. Ndipo aliponiita ofisini.

"Mitambo, umefanya kazi nzuri mpaka imekwisha. Mtu aliyemaliza kazi yake tunasemaje? Amestaafu."

"Nina miaka arobaini na kitu, Mkuu."

"Ndiyo uzuri wake. Umewahi."

Alinipa nafasi ya kutunza stoo, ile ile yenye mabeseni. Nilimshukuru. Lakini nyayo zilikuwa zimeanza kuniwasha, na mtu ambaye amechagua programu isiyomhitaji hana haja ya kuikalia mlangoni. Nilikwenda Moa nikamsalimia mama, nikarudi, nikamuaga Bi Salima. Aliniuliza yote, moja moja, akasubiri.

Siku niliyoondoka moja kwa moja niliipakata kamera kwenye kanga ile ile, nikapanda basi la asubuhi la kwenda Dodoma. Tulipokaribia Muheza nilifungua simu nikaingia darasani. Bi Salima alikuwa kwenye salamu. Akamwita Mwanaidi, hakuitika. Akamwita tena. Kisha ikaja sauti yenye upepo mwingi na mlio wa injini.

"Shikamoo Mwalimu. Nisamehe, leo siko darasani. Niko kwenye pantoni na mama mjamzito. Nimempakia mapema."

"Amevuka mstari?"

"Hajavuka."

"Vyema, mwanangu. Mwenyewe anaendeleaje?"

Nikamsikia Mwanaidi akimgeukia mtu na kumuuliza, na sauti ya mwanamke, iliyochoka lakini yenye pumzi, ikajibu kwamba anaendelea vizuri. Bi Salima alisubiri hadi alipomaliza.

"Na Mitambo namwona kaingia. Umefika wapi, baba?"

"Karibu na Muheza, Mwalimu."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Kaka Mitambo," Mwanaidi akadakia kutoka mtoni, "unarudi lini?"

Basi likaingia bondeni, kioo cha kijivu kikaganda. Nikajibu hivyo hivyo, kwa sauti, abiria wa pembeni akanitazama mimi na kanga yangu. Sijui kama jibu lilifika. Ndala ina kasoro hiyo moja, ambayo kamati haikuiuliza: ukiuacha mnara wa simu nyuma, haikuambii kama umesikika.